Bado

Kiharusi kilimpokonya maneno yote
kikamwachia matatu:
maji, la, na bado.
Kwa hayo matatu Masunobu anaendesha jiko langu.

Miaka thelathini na mmoja alisimama nyuma ya kaunta
kule Nobeoka, kando ya stesheni,
akiviringisha matonge ya wali ndani ya nyama
kwa walevi wa treni ya mwisho.
Mimi nilihesabu pesa. Sikuruhusiwa kugusa sufuria.
"Una mikono ya karani, Tsuyako," alisema,
wateja wakacheka, nami nikacheka,
kisha nikaenda kusugua sakafu hadi ikakoma.

Leo karani amefunga aproni.

Wali umeiva. Naumwaga kwenye bakuli la mti,
naukata kwa mwiko, siukorogi,
nanyunyiza ufuta, matone ya sosi ya soya,
nalowesha viganja usije ukanata.
Namtazama. Anatazama bakuli.
Bado.
Bado nini? Chumvi? Ufuta?
Mkono wake wa kushoto unapapasa hewa
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Nangoja. Mvua ya Juni inatwanga bati la gereji ya jirani.
Mvuke unapungua, unakwisha. Mkono unashuka.
Kumbe ni hilo tu: wali ulitaka kuvuta pumzi.

Nafinyanga. Si duara, si pembetatu;
kigunia, kinachojaa ngumi na kubakiza kichwa nje.
Paja la nguruwe nimelikata jembamba
hata gazeti lingesomeka upande wa pili,
likalala tangu asubuhi kwenye soya, tangawizi,
saumu ya kusaga na mvinyo wa mchele.
Kipande kimoja kiunoni,
kingine utosini hadi nyayoni,
isionekane hata punje,
kama unavyomfunika mtoto mchanga siku ya baridi
ukijua kuna shangazi atakayekuja kukagua.

Tonge la kwanza lilipasuka kikaangoni.
La pili likafunguka, likatapika wali kwenye mafuta.
La, alisema. La, la.
Nikatupa koleo kwenye sinki, likalia:
"Basi inuka upike wewe!"

Jiko likanyamaza, mafuta tu yakisema.
Binti yetu Chihaya hupiga simu kutoka Sapporo:
Mama, subira.
Subira ni nyepesi sana ikitumwa kwa simu.

Akainuka.
Akashika friji, akashika kabati, akashika bega langu
bila kuniomba, akauburura mguu
kama mzigo wa mtu mwingine.
Akachovya mkono wa kushoto majini,
akachota wali, akaubana kwenye ukuta wa bakuli.
Kikatoka kitu kama kiazi kilichokanyagwa.
Akakivika nyama, na upara ukabaki ubavuni.
Halafu akakilaza kikaangoni
mshono ukitazama chini.

Chini!
Moto ndio sindano, moto ndio uzi.
Mimi nilikuwa nikiuweka juu, niuone, niulinde.
Miaka thelathini na mmoja nikirudisha chenji
hatua tatu kutoka kwenye siri hiyo,
naye hakuwahi kuificha. Sikuwahi kuuliza.

Akanyoosha vidole aligeuze, mapema mno,
pupa ileile ya mpishi mwenye foleni mlangoni.
Nikamshika kifundo.
"Bado," nikasema.

Akanigeukia. Nusu ya uso ikacheka,
nusu ya pili ikasubiri habari,
na mabega yake yakatikisika hadi nikazima gesi
tusije tukaunguzana.

Tulilikoleza kwa ule mchuzi hadi likang'aa kama kiatu cha shule,
tukalikunja ndani ya jani la saladi, likakatika vipande viwili,
wali ukatumwagikia mapajani.
Punje moja ilibaki kidevuni mwake.
Niliiona. Niliiacha.

Maji, alisema.
Nikamletea.